Mlango wa Kati

Kikapu kililia kabla mama mkwe hajashuka kwenye behewa.

Nilikuwa stesheni ya Mpanda tangu alfajiri, shati limepigwa pasi, nimesimama pale anapopenda nisimame, karibu na nguzo ya taa. Ndugu yangu, kama umewahi kumpokea mama mkwe unaijua hali hiyo: macho chini, shikamoo kwanza, mizigo baadaye. Nikaamkia, akaitikia marahaba, kisha akanisogezea kikapu cha ukindu kilichofungwa kwa kamba ya katani.

"Pokea taratibu, Baba Kulwa. Humo kuna mtu."

Huyo mtu alikuwa paka. Mwanamke, mdogo, kijivu chenye michirizi, macho kama asali ya Inyonga. Alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Kaliua, na alinitazama kupitia matundu ya kikapu kama mimi ndiye niliyekata ile tiketi.

Nieleze kidogo kuhusu mama mkwe, maana bila yeye hakuna kisa. Mabasi yapo siku hizi, lakini hapandi basi. Anasema mtu wa Kaliua huzaliwa na honi ya treni masikioni. Reli hii ya kwetu, kilomita 210 kutoka Kaliua, Waingereza waliijenga wakifuata madini ya risasi. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki, na mama mkwe akabaki nayo. Wajukuu wanamwita Bibi Treni. Mimi jina hilo hulitumia nikiwa nyuma ya nyumba tu.

Safari iliyopita aliingia ghalani, akakuta panya wametoboa magunia 5 kati ya 14 ya mahindi tuliyovuna Kasokola. Alisimama pale akiuangalia unga mweupe uliomwagika chini, hakusema neno, akaondoka zake. Kumbe alikuwa anakwenda kunitafutia askari. Ni upendo mkubwa huo, na niliuona hivyo tangu pale stesheni. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo Bibi Treni hakulipigia hesabu, nalo lilikuwa linatusubiri getini likitingisha mkia.

Kamanda ni mbwa wa Sitalike. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, anafanya kazi huko pembezoni mwa Hifadhi ya Katavi, na watoto wanamwita Mjomba Porini kwa sababu kila akija ana vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Ndiye aliyemleta Kamanda akiwa bado ananyonya vidole, kutoka kwa mbwa jike anayebwekea viboko wa Mto Katuma kila jioni bila kuchoka. Damu hiyo imo. Sasa ana miaka 3, kifua kipana, sikio moja limesimama na jingine limelala. Analinda kuku dhidi ya vicheche, analinda baiskeli, analinda hata nguo kwenye kamba. Paka hajawahi kuishi naye. Paka, kwa Kamanda, ni kitu kinachopita juu ya ukuta na kinachotakiwa kushushwa.

Upande mwingine wapo watoto. Mkubwa tunamwita Wakili, binti mwenye umri sawa na mkoa wetu, maana alizaliwa mwaka 2012, mwaka ule Katavi ilipotoka Rukwa. Hakuna agizo analopokea bila kuomba ufafanuzi. Wanafuata mapacha, Kulwa na Doto, miaka 7, halafu Shija, miaka 3, ambaye kama ada ya kwetu ilivyo amepata jina hilo kwa kuja nyuma ya mapacha. Kulwa, tangu Kamanda aletwe, ni wake. Doto alipofungua kile kikapu, akaingiza mkono mpaka kiwiko na kumtoa paka, akampa jina hapo hapo: Binti Kaliua. Nikajua nyumba imeshagawanyika.

Jirani yangu, mtu mzima wa heshima zake, akanishauri: wafungie jikoni wote wawili, saa moja tu, watamalizana wenyewe. Bibi Treni akaunga mkono. Wakili akauliza "watamalizana" maana yake ni nini hasa. Mama Kulwa akasema msijaribu. Nikamsikiliza jirani.

Jikoni kulikuwa na sufuria la migebuka iliyokwisha kuungwa, ndoo ya maji, na kabati la vyombo ambalo mama watoto alinunua kwa fedha ya mchezo, awamu yake aliyoingoja mwaka mzima. Sitakueleza sauti. Kama umewahi kusikia bati linalochanwa, zidisha mara mbili. Nilipofungua mlango, migebuka ilikuwa ukutani, maji yamefika kwenye mkaa, vikombe 4 havina mikono, na Kamanda akanipita katikati ya miguu akienda kujificha nyuma ya Kulwa, puani damu. Mbwa yule, ambaye mama yake anabwekea viboko, alikuwa anatetemeka. Binti Kaliua alikuwa juu kabisa kwenye kenchi, chini ya bati la moto, mdomo wazi, anahema kama mbwa.

Mama Kulwa aliokota vikombe kimoja kimoja. Hakuniambia kitu. Wewe mwenzangu uliyeoa unajua ukimya wa aina hiyo una uzito gani.

Lakini si vikombe vilivyoniuma. Usiku ule Doto alibeba shuka lake akahamia kwa bibi yake. Mapacha wale wamelala kitanda kimoja tangu tumboni, hata homa huugua pamoja, na sasa mmoja anasema hawezi kulala na mtu ambaye mbwa wake ni muuaji, na mwenzake anajibu kutoka chumba cha pili kwamba muuaji ni paka, damu imeonekana. Nilikaa kwenye kochi nikawasikiliza wakilia pande mbili za nyumba yangu, nikajuta kutoka moyoni.

Kesho yake niliazima ngazi nikapanda kumshusha paka. Nilimshika vibaya. Akanipiga makucha kutoka kiwiko hadi kidoleni, na meno yakaingia kidogo kwenye nyama ya gumba. Hapo nikamwona Wakili katika ubora wake. Alinivuta mpaka bombani nyuma ya nyumba, akachukua sabuni ya mche, akasema, "Baba, dakika 15. Maji yanayotiririka. Nitahesabu." Akasimama na saa. Nilipofika dakika ya nane nikitaka kutoa mkono, akaurudisha. Shuleni walikuwa wamefundishwa habari za kichaa cha mbwa: ugonjwa unaingia kwa mate, dalili zikishatokea kwa mtu hakuna dawa inayomrudisha, na ingawa jina linamtaja mbwa, paka naye huupata. Akaniambia kwamba Pasteur, Mfaransa, alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwaka 1885 na mtoto akapona, na kwamba tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, ndiyo dunia inaikumbuka kila mwaka kwa ajili ya ugonjwa huu. Nilikuwa na povu mpaka begani. Nilijivunia binti yule kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Hospitali nikaanza sindano. Nyumbani akaja bwana mifugo. Kadi ya chanjo ya Kamanda akaikuta iko sawa, akaridhika. Kwa Binti Kaliua akasema: asitoke, asiguswe ovyo, tumwangalie siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, maana yake siku aliyoniuma hakuwa na ugonjwa wa kuniambukiza, na hapo atachanjwa. Tukamweka chumba cha ghala, penye magunia. Kamanda akabaki upande wa ukumbini. Katikati yao ukabaki mlango.

Bwana mifugo hakuwa na haraka. Alikaa kwenye kigoda, akaomba maji, akawaita mapacha, mmoja kila goti. Akamuuliza Kulwa, "Kamanda akifurahi anafanyaje mkia?" Kulwa akapunga mkono. Akamuuliza Doto, "Na Binti akipunga mkia hivyo?" Doto akafikiri, akasema, "Anakasirika." Bwana mifugo akawaacha wakitazamana. Akaeleza kwamba mbwa anamwendea mwenzake mkia ukienda huku na huku, anasema tucheze. Paka anauona mkia ule na kusoma vita. Paka anajikunyata na kukimbia kuokoa roho; mbwa anaona kitu kinakimbia na miguu inamfuata yenyewe. Akasema kitoto cha paka kikikutana na mbwa kikiwa na wiki kati ya 2 na 7, na mtoto wa mbwa akikutana na paka kabla hajapita miezi yake mitatu ya mwanzo, hujifunza lugha zote mbili bila shida. Hawa wetu wamechelewa, kwa hiyo watajifunza ukubwani, na mwanafunzi wa ukubwani hapigwi.

"Msiwakutanishe macho," akasema. "Wakutanisheni pua kwanza."

Akaniagiza nitafute kitambaa, nimfute nacho paka mashavuni, kisha nikiweke anapolala mbwa. Na kingine cha mbwa nikiweke ghalani. Nikaingia chumbani nikatoa kanga ya kwanza iliyonijia mkononi. Kumbe kanga ile ni ya Mama Kulwa, ya siku ya kuagwa kwao, ameitunza miaka yote na haijawahi kuvaliwa. Mama Kulwa aliikuta chini ya kidevu cha Kamanda. Aliitazama, akamtazama mbwa, ambaye alikuwa amelala, ameikunja kwa ustadi kama mto. Akaenda kuleta ya pili. "Doti ni mbili," akasema. "Usiwapendelee." Namna hiyo, ndugu yangu, ndivyo nilivyosamehewa vikombe.

Nirudi kwenye mlango, maana mlango huu nilikuwa na deni nao. Ni wa mninga, mbao nzito nzuri ya misitu yetu, lakini fundi aliupima akiwa na mawazo yake, ukatoka mfupi. Chini umebaki uwazi wa vidole vitatu. Mama Kulwa amelalamikia uwazi ule miaka minne: vumbi linapita, baridi ya Juni inapita, nyoka atapita. Nimeahidi kuuziba kila Krismasi.

Siku ya nne ya kile kifungo niliweka sahani ya Kamanda hatua 5 kutoka mlangoni, na kisosi cha Binti hatua 5 upande wake, kama nilivyoelekezwa. Kila mlo nasogeza kidogo. Wakibwekeana nanyamaza na kurudisha nyuma. Siku ya tisa sahani zilikuwa karibu kugusa mbao. Wakamaliza kula. Kamanda akalala, akaweka pua kwenye ule uwazi na kuvuta hewa kwa nguvu mpaka vumbi likampalia. Kimya. Kisha chini ya mlango ukatoka mkono mmoja wa kijivu, makucha yamefichwa ndani, ukagusa ncha ya pua yake, ukarudi. Sikio la Kamanda lililolala likasimama. Mkono ukatoka tena. Mapacha walikuwa wamelala kifudifudi pembeni yangu, mashavu sakafuni, hawapumui. Doto akamshika Kulwa kidole.

Siku 10 zilipotimia, paka akiwa mzima, nilidhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Tulipofungua mlango, Kamanda akiwa kwenye kamba, alivuta mara moja tu, Binti akaruka juu ya magunia, na yote yale yakaonekana ya bure. Nikasema nitampeleka mmoja kwa watu. Sikumtaja yupi. Chakula cha usiku kililiwa bila mtu kuomba kuongezewa.

Jumapili Mjomba Porini akafika na vumbi lake. Hajui kitabu cha paka na mbwa, lakini anawajua viboko. Akatuambia kuwa mwezi kama ule, kabla ya mvua, Katuma hubaki vidimbwi, na viboko kwa mamia hurundikana kwenye tope, mgongo juu ya mgongo. Ndipo wanapochanana, meno yanaingia mbavuni, usiku ni ngurumo tupu. "Shemeji, watalii wanadhani wale wanachukiana," akasema. "Mvua ikishuka, mto ukijaa, ni viboko wale wale, kila mmoja ana maji yake. Wanapishana kwa amani." Akaizungusha macho nyumba yangu: vyumba vitatu, watu saba, paka, mbwa, magunia. "Hapa kwenu bado ni Oktoba."

Maneno yale yalinikaa. Binti hakuwa na pa kwenda ila juu ya magunia, na magunia mbwa anayafikia. Nilikuwa na mbao za mizinga ya zamani ya nyuki, bado zinanukia nta. Nikapigilia rafu tatu ukutani kama ngazi, kutoka ghalani, juu ya mlango wa kati, hadi ukumbini, ya mwisho ikiwa juu ya kochi langu. Mama Kulwa akaniambia niongeze na ya nne karibu na dirisha, nikaongeza. Hiyo ikawa mitaa ya Binti. Chini ikabaki wilaya ya Kamanda.

Wakili akabandika ratiba ukutani. Chakula cha paka juu ya rafu, cha mbwa chini, maana Shija alikuwa anampa Kamanda dagaa wote wa Karema wanaoletwa kwa ajili ya Binti. Mbwa anaweza kuishi kwa ugali na mifupa akaonekana ana afya, paka hawezi. Bwana mifugo alituambia kuna kirutubisho kiitwacho taurini, kiko kwenye nyama na samaki, paka akikikosa muda mrefu moyo unadhoofika na macho yanakwenda. Kwa hiyo dagaa wakawa sheria. Kamba ya Kamanda akashika Kulwa, jioni robo saa, si zaidi. Paka anapita juu. Kamanda akimtazama kisha akageuza uso kwa Kulwa, anapewa kipande cha utumbo uliochemshwa. Akivuta, hapigwi wala hafokewi, anatolewa nje mpaka atulie. Siku ya kwanza vilitoka vipande 2. Wiki ya tatu utumbo ukaanza kutuelemea kibajeti, na sikuwahi kulipa fedha kwa furaha kama ile.

Bibi Treni alikuja kwa wiki moja. Treni zikapita, yeye yupo. Akasema hawezi kuondoka hajaona mwisho, na kila asubuhi alikaa na kikombe chake kisicho na mkono akiwaamua mapacha. Kulwa na Doto walikwisha rudi kitanda kimoja. Hakuna aliyetangaza, Mama Kulwa aliwakuta tu asubuhi moja, shuka mbili zimefungwa fundo.

Paka na mbwa wale hawalali wamekumbatiana, nisikudanganye. Nimeona picha za namna hiyo, ni nzuri, kwangu hazipo. Wanapishana. Binti akishuka, Kamanda anajilaza ubavu na kutazama ukuta. Kochi nilikwisha kulisahau, ni la paka mchana na la mbwa mvua ikinyesha. Mimi nakaa kwenye gunia, na gunia kwa sasa ni zima.

Usiku mmoja wa Novemba, mvua ya kwanza imepiga bati na kukatika, niliamka kwenda msalani. Nikapita ukumbini bila kuwasha taa. Mlango wa kati ulikuwa wazi. Binti Kaliua alikuwa amejikunyata mbele ya tundu la panya chini ya magunia, masikio mbele, hatikisiki. Hatua mbili nyuma yake Kamanda amelala chini kabisa, kidevu sakafuni, anatazama tundu lile lile. Nikasimama. Mguu mmoja kwenye zulia, mwingine kwenye saruji ya baridi. Panya akatoka. Binti akaruka, gunia likatikisika, na kitu chote kile chenye kasi kikapita chini ya pua ya Kamanda. Niliona misuli ya mabega yake ikipanda. Akageuza uso kuelekea mlangoni, kumtafuta Kulwa, akanikuta mimi.

Sikuwa na utumbo. Nikapiga goti nikamshika kichwa kwa mikono miwili.

Niliporudi kitandani nikamwamsha Mama Kulwa nimsimulie. Alinisikiliza macho yakiwa yamefungwa mpaka nikamaliza.

"Umefunga mlango wa kati?" akauliza.

Nikasema sijafunga.

"Basi uache," akasema, akavuta shuka lote upande wake.